Panzi wa Ngong au tunutu?

*Nilipopanda milima ya Ngong niliona panzi wasio na mabawa. Dada yangu hulima sukuma wiki kwenye magunia huko Kibera. Je, hawa ni watoto wa wale nzige wa 2020?*
*Msomaji, Kawangware*

Hofu ya msomaji inaeleweka: nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 hawajasahaulika. Lakini panzi asiye na mabawa si lazima awe mtoto.

Panzi wa jenasi ya Parasphena, wenyeji wa milima ya Afrika Mashariki, hawaruki angani hata wakikomaa. Tunutu, yaani nzige wachanga, huota vijibawa vinavyokua kila wanapojivua ngozi. Wakiwa kundi huwa na rangi ya manjano na nyeusi, na huandamana kama jeshi.

Kutofautisha aina moja ya Parasphena na ndugu zake ni kazi nyingine. Rangi hudanganya; wataalamu huchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Msomaji apige picha kutoka ubavuni, aandike mahali na tarehe, kisha aulize Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Dada naye, panzi wakila sukuma wiki yake, awaokote kwa mkono. Akiona makundi ya tunutu, amwarifu afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.