Majirani Wawili wa Mto Mekong

Wakatekumeni wapendwa, wengi wenu mwauliza: je, mtu akibatizwa, yampasa kuwasahau mababu zake? Swali hilo si letu peke yetu. Mbali upande wa mashariki, kupita Uhindi, ziko nchi mbili zinazopakana, Kamboja na Vietnam. Tukizilinganisha, tutaona jinsi watu wa huko walivyolijibu.

1. Mto mmoja, walimu wawili

Mto Mekong wapita Kamboja, kisha waingia Vietnam na kumwagika baharini. Pande zote mbili watu hulima mpunga na kuvua samaki. Lakini hekima yao ya kale haikutoka mahali pamoja. Wakamboja walijifunza kwa Wahindi, hata herufi zao zina asili ya Uhindi. Wavietnam walitawaliwa na Wachina muda wa miaka kama elfu moja, hata karne ya 10. Kwao walipokea mafundisho ya Confucius, aliyesisitiza sana heshima ya mwana kwa baba yake.

2. Desturi za Kamboja

Karibu Wakamboja wote hufuata dini ya Buda, na katiba ya mwaka 1993 yaitaja kuwa dini ya taifa. Hekalu kubwa la Angkor Wat, lililojengwa na mfalme Suryavarman II katika karne ya 12, kwanza lilikuwa la Vishnu, mungu wa Wahindi; baadaye likawa la Wabuda.

Asubuhi watawa wa Buda hupita na bakuli zao, na watu huwapa wali. Vijana wengi hukaa utawani kwa muda, kisha hurudi nyumbani na kuoa. Wafu nao hukumbukwa hasa hekaluni. Kila mwaka, siku 15 za Pchum Ben, jamaa huwapelekea watawa chakula, wakiamini kwamba faida ya sadaka hiyo yawafikia marehemu wao.

3. Desturi za Vietnam

Vietnam nako wako Wabuda, lakini wengi ni wa tawi jingine, lililopitia Uchina. Tena heshima ya wafu huko ina makao yake nyumbani. Nyumba nyingi zina meza ya mababu. Siku ya kumbukumbu ya kifo, na siku za Tết, yaani mwaka mpya, watoto huandaa chakula, huwasha vijiti vya udi na kuinama. Basi, Mkamboja huwakumbuka wafu wake kwa mkono wa mtawa. Mvietnam husimama mwenyewe mbele ya meza ya baba yake.

4. Wakristo katika nchi hizo

Padri Alexandre de Rhodes, Mjesuiti, alilea makatekista vijana huko Vietnam. Mmoja wao, Andrea wa Phú Yên, aliuawa mwaka 1644, akiwa na miaka 19, kwa kuwa hakukubali kuikana imani. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 2000.

Lakini meza ya mababu ilileta shida kubwa. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alikataza ibada za Kichina za kuheshimu wafu, akihofu ushirikina. Ndipo majirani wakawasuta Wakristo, wakisema hawana heshima kwa wazazi. Mwaka 1939 Roma iliwafungulia Wachina njia, na mwaka 1964 ruhusa hiyo ikafika Vietnam. Mzigo huo ulidumu zaidi ya miaka 200.

Kamboja Wakristo ni wachache sana, maana kwa wengi huko kuwa Mkamboja na kuwa Mbuda ni neno moja. Tangu 1975 hata 1979 watawala walioitwa Khmer Rouge walizipiga vita dini zote. Watawa wa Buda walivuliwa mavazi yao, na kanisa kuu la Phnom Penh likabomolewa. Askofu Joseph Chhmar Salas, Mkamboja wa kwanza kupewa uaskofu, alikufa katika taabu hizo mwaka 1977. Mbuda, Mwislamu na Mkristo waliteswa pamoja.

5. Fundisho letu

Kuheshimu si kuabudu. Amri ya kwanza yatukataza kumpa kiumbe ibada iliyo haki ya Mungu. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, wala kifo hakiifuti. Basi, usiseme upesi, "Desturi hii ni mbaya," wala usiseme upesi, "Ni njema." Uliza kwanza: hapa naomba nini, na kwa nani?

Maswali

1. Wakamboja walijifunza kwa nani? Na Wavietnam?
2. Wafu hukumbukwa wapi hasa Kamboja? Na Vietnam?
3. Kwa nini Wakristo wa Vietnam walisutwa na majirani?
4. Taja desturi moja ya kijiji chako ya kuwakumbuka wafu. Ni heshima, au ni ibada?