Dari, Joto na Hewa: Kulala Salama Chini ya Bati Karatu na Ngorongoro

Mji wa Karatu uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unazidi mita 2,200. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa wa baridi, nayo nyumba ya bati isiyo na dari hupoa upesi.

Kwa nini bati hupoza chumba
Bati ni jembamba na hupitisha joto kwa urahisi. Hewa ya moto hupanda, hugusa bati na kupoa. Mvuke wa pumzi hugeuka matone. Unyevu huo huotesha kuvu, ambayo huchochea pumu.

Mwongozo wa makazi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi wakati wa baridi. Mtoto mchanga ambaye joto la mwili wake liko chini ya nyuzi 36.5 tayari amepoa.

Namna ya kuziba mteremko wa paa
Chumba kikiwa ndani ya paa lenyewe, mteremko wake ndio ukuta, nao huhitaji kinga. Pamba ya kioo hupangwa kati ya mbao za paa, ikiachiwa nafasi ya hewa chini ya bati ili unyevu utoke, kisha hufunikwa kwa mbao au jipsamu, kwa kuwa nyuzi zake huwasha ngozi na macho. Sponji ya godoro isitumike: hushika moto haraka na moshi wake ni sumu.

Hatari ya jiko la mkaa
Dari huhifadhi joto. Haileti hewa safi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hata likionekana halina moshi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Wanafamilia kadhaa wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, watolewe nje mara moja na wapelekwe kituo cha afya. Mhudumu asitulizwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kwani huweza kuonesha kiwango cha kawaida ilhali mgonjwa amekwisha kuathirika. Aanze kumpa oksijeni kwa wingi bila kusubiri.

Mtoto mchanga na apashwe joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevishwa kofia na kufunikwa blanketi.