Asilimia 80 Iliyotuponza

Nimeshika kalamu niwaeleze somo ambalo sikulipata darasani bali mtoni, tena kwa aibu. Ni somo la kuonyesha maendeleo ya mradi wenye kazi kubwa na kazi ndogo ndani yake.

Sisi wa Kitui twaijua shida ya maji. Mito yetu mingi hukauka kiangazi, ndiyo maana vikundi vya mwethya hujenga mabwawa ya mchanga. Watu huchimba msingi wa kukata mto mpaka wafike mwambani, kisha hujenga ukuta wa mawe na saruji. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake jua lisiyamalize.

Likizo ya Agosti, kikundi cha kijijini kwetu kilinipa kazi ya kuweka rekodi, maana najua kompyuta kidogo. Kazi yote ilikadiriwa siku 100: vifaa siku 20 (mawe 10, mchanga 6, maji 4), msingi siku 30, ukuta siku 50. Mwisho wa mwezi nikaandika hivi:

Vifaa: 100
Mawe: 100
Mchanga: 100
Maji: 100
Msingi: 80
Ukuta: 0

Nikajumlisha, nikapata 480. Nikagawanya kwa 6. Asilimia 80! Nikachora duara la kijani, likapendeza kwelikweli. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyekiti peke yake akaniuliza, "Mwanangu, mbona mtoni sioni ukuta?" Nikamjibu, "Mama, kompyuta haidanganyi."

Basi tukaamini zimebaki siku 20 tu. Watu wakaenda kutafuta vibarua, kazi ikalala mwezi mzima. Novemba mvua ikanyesha, mto ukafurika, msingi ukajaa matope. Jasho la siku nyingi likaenda na maji. Ikatubidi tungoje kiangazi kingine, na akina mama wakaendelea kufuata maji mbali.

Je, nilikosea wapi? Kwanza, nilimhesabu mzazi pamoja na watoto wake. Mawe, mchanga na maji ndiyo hayo hayo "vifaa". Kazi moja nikaihesabu mara mbili. Pili, nilizipa kazi zote uzito sawa. Hata ningeondoa watoto nikabaki na 100, 80 na 0, wastani ungekuwa 60, na bado ni uongo, kwa sababu ukuta peke yake ni nusu ya kazi yote.

Hesabu ya haki ni hii: vifaa siku 20 zote zimekwisha, 20. Msingi, asilimia 80 ya siku 30, ni 24. Ukuta ni 0. Jumla 44 kati ya 100. Kumbe zilibaki siku 56, si 20!

Jambo hili si la kijijini tu. Kaunti ya Kitui ina wadi 40, na miradi ya wadi hujumlishwa kupanda mpaka kaunti nzima. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, lina ukuta wa zaidi ya mita 80 kwenda juu. Ukiliandika mstari mmoja, na tangi la kijiji mstari mmoja, halafu ukachukua wastani, jamani, utakuwa umemdanganya nani?

Kwa hivyo, wenzangu, mkipewa kazi ya ripoti, anzeni na kazi ndogo kabisa. Kila moja ipeni uzito wake, wa siku au wa pesa. Mzazi apate jumla ya watoto wake, asihesabiwe tena kando yao. Na mwanya uwepo wa kufungua mzazi, msomaji awaone watoto na ile sifuri iliyojificha.

Mwisho, kabla ya kuchora duara, nendeni mtoni mkatazame. Mama mwenyekiti hakuwa na kompyuta, lakini mwenye macho haambiwi tazama.