Isimu katika Ubunifu wa Programu: Funzo la Jambo OpenOffice

Kampuni za ushauri na programu huuza maarifa. Je, mwanaisimu wa chuo kikuu ana nafasi gani humo? Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na IT+46, kampuni ya ushauri ya Uswidi, katika mradi wa Kilinux. Tunda la ushirikiano huo, Jambo OpenOffice, lilitolewa Desemba mwaka huohuo.

Kazi ya aina hii huzidi kutafuta istilahi. Mathalani, mwandishi wa programu hutaka sentensi moja itoe taarifa kuhusu chochote kilichofutwa. Katika Kiingereza nomino pekee hubadilika. Kiswahili hudai upatanisho wa kisarufi: faili limefutwa, barua imefutwa, ukurasa umefutwa. Asiyejua ngeli hataliona tatizo. Asiyejua programu hatajua pa kulitatulia. Ubunifu huzaliwa wawili hawa wanapoketi pamoja tangu mwanzo.

Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili akiitwa kazi ikiwa imekwisha, atabaki kuwa fundi wa viraka. Vyama vyetu na vidai nafasi katika usanifu wenyewe.