Usinunue Mbuzi wa Maziwa kwa Kuangalia Kiwele

Likizo ndefu ya mwaka jana bibi yangu wa Tura alinikabidhi laki mbili alizotoa kwenye kikoba. "Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Nitafutie mbuzi wa maziwa, hawa wajukuu wapate kikombe asubuhi." Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa ualimu. Kuhusu mbuzi nilijua nyama choma tu.

Nikaenda mjini, nikamkuta muuzaji kando ya barabara. Mbuzi mweupe, masikio yamesimama, kiwele kimejaa hadi kinang'aa. Muuzaji akasema ni Saanen halisi, lita tatu kwa siku. Kulikuwa na mtu mwingine anamtolea macho mbuzi huyo huyo, nikaogopa kuzidiwa kete. Nikalipa.

Asubuhi ya kwanza Tura tulipata lita nzima. Kesho yake kikombe. Wiki ya pili chuchu ya kushoto ikatoa maji yenye madonge, na mwezi haukuisha akafa. Bibi hakunilaumu. Alisema tu, "Ni mipango ya Mungu, mjukuu wangu." Hapo ndipo niliumia zaidi, kwa sababu nilijua kosa ni langu. Sikuuliza chochote.

Bwana mifugo aliyekuja kumwona alinifungulia macho: "Mwalimu, huyu aliachwa bila kukamuliwa kabla ya kuuzwa, ndiyo maana kiwele kilijaa. Halafu ni mzee, ana minyoo. Mama yake ulimwona?"

Najua wengi wetu hapa chuoni tunabana bumu ili tuanzishe mradi nyumbani. Basi haya ndiyo niliyojifunza kabla ya kununua mara ya pili.

1. Anza na mfugaji, mbuzi baadaye

Shuleni hatumpimi mwanafunzi kwa sare yake, tunasoma ripoti. Mbuzi naye ana ripoti, na iko kwenye daftari la mfugaji: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, maziwa ya mama kwa siku na alikamuliwa miezi mingapi, chanjo, dawa za minyoo. Kenya, chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa chenye makao Nyeri huwasajili mbuzi wa wanachama na kuhamisha mabeberu kutoka kikundi kimoja hadi kingine, ili beberu asipande binti zake. Kwetu mfugaji mmoja mmoja anaweza kufanya hivyo kwa kalamu na daftari la kurasa arobaini. Asiyekuwa na daftari, omba basi akuonyeshe mama na ndugu wa mbuzi wako. Akikataa usiingie zizini, aage kwa heshima uondoke.

Uliza pia kwa nini anauza. Mkamuliwa mzuri mara chache huuzwa akiwa katikati ya maziwa. Ndiyo maana safari ya pili nilitafuta mtamba, binti wa mama anayekamuliwa vizuri.

2. Aina ilingane na mahali

Saanen na Toggenburg asili yao ni Uswisi. Mbuzi wa Kinorwe walioletwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine miaka ya 1980 walistawi Mgeta, kwenye baridi ya milima ya Uluguru. Tura si Mgeta. Kwetu kuna joto, kiangazi kirefu, na miombo yenye ndorobo wanaoambukiza nagana.

Jambo hili ni la zamani. Burton na Speke walipita Tura mwaka 1857 wakielekea Kazeh, yaani Tabora ya leo. Misafara ya njia ile ilitegemea mabega ya wapagazi, maana wanyama wa mizigo walikufa njiani, na ndorobo ni sababu mojawapo kubwa. Tura ilikuwa kituo cha kwanza baada ya pori la Mgunda Mkali. Watu walifika wana njaa, wakanunua chakula bila kuchagua sana. Nami nilinunua hivyo hivyo, ila mimi sikuwa na njaa.

Kwa anayeanza sehemu kama yetu, chotara wa damu ya kienyeji na ya maziwa ni salama zaidi. Atatoa maziwa machache kuliko Saanen halisi, lakini atakuwa hai.

3. Mkague kichwa hadi mkia

Meno: mbuzi hana meno ya mbele juu. Mimi nilipofunua mdomo wa juu nikadhani yameng'oka! Angalia chini, yako manane. Yote madogo, ni wa chini ya mwaka mmoja au hapo hapo. Makubwa mawili, ana mwaka na zaidi kidogo. Manne, kama miwili. Sita, kama mitatu. Manane, minne kwenda juu. Yaliyolegea au kung'oka ni uzee.

Jicho: vuta kope ya chini. Wekundu au waridi iliyokolea ni vizuri. Weupe ni upungufu wa damu, mara nyingi minyoo.

Kinyesi kiwe vidonge vikavu. Makamasi, kikohozi na kuhema vinaweza kuwa homa ya mapafu au sotoka. Papasa chini ya taya, usikute uvimbe. Mtembeze uone kwato na miguu.

Ukinunua beberu, korodani ziwe mbili na zilingane. Na katika aina hizi za Ulaya, usiunganishe beberu na jike ambao wote wamezaliwa bila pembe. Baadhi ya watoto huzaliwa huntha, hawazai.

4. Anayekamuliwa, akamuliwe mbele yako

Fika jioni, akamuliwe hadi mwisho. Rudi asubuhi, akamuliwe tena, upime. Mikamo ya kwanza iangukie kitambaa cheusi: madonge, damu au maji ni ugonjwa wa kiwele. Baada ya kukamua, kiwele kizima hulegea kama mfuko mtupu. Kikibaki kigumu upande mmoja, acha. Chuchu ziwe mbili.

5. Njiani na nyumbani

Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa bwana mifugo. Hapo hapo anamkagua. Ukifika, mtenge na wengine kama wiki tatu.

Mtamba wetu amezaa mwezi uliopita. Kwa sasa anatoa lita moja baada ya mtoto kunyonya. Mdogo wangu wa darasa la tano anaandika kila asubuhi kwenye daftari. Juzi Bibi alinipigia simu: jirani amekuja kutaka kumnunua kitoto, naye amemwambia, "Kaa kwanza, mwanangu, usomewe."