Asa Hilliard na Kugeuzwa kwa Swali: Kutoka Kumpima Mtoto hadi Kupima Ufundishaji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wavivu, ila yaweza pia kumlenga mwalimu anayewagawa wanafunzi katika makundi ya wanaofundishika na wasiofundishika kabla hajawafundisha. Makala haya yanaangazia maisha ya kitaaluma ya Profesa Asa G. Hilliard III (1933-2007), Mmarekani Mweusi aliyehudumu katika elimu maalumu na katika maandalizi ya walimu wa shule za mijini. Hoja kuu ni kwamba Hilliard aligeuza swali. Badala ya kuuliza mtoto ana kasoro gani, aliuliza mtoto huyo amefundishwa vipi.

Usuli Wake

Hilliard alizaliwa Galveston, Texas. Alisomea saikolojia na elimu katika Chuo Kikuu cha Denver, akafundisha katika shule za umma za jiji hilo, na kuhitimu shahada ya uzamifu mwaka 1963. Alijiunga na chuo kikuu cha serikali ya jimbo huko San Francisco, ambako baadaye alikuwa mkuu wa kitivo cha elimu. Aidha, aliwahi kuishi na kufanya kazi ya elimu nchini Liberia. Mwaka 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Georgia State, jijini Atlanta, akiwa profesa wa elimu ya mijini. Huko alihudumu pia katika idara iliyojumuisha saikolojia ya elimu na elimu maalumu. Nyanja hizi mbili, ambazo wengi huzitenganisha, kwake zilikuwa kitu kimoja.

Kesi ya Larry P.

Uhusiano huo ulidhihirika katika kesi maarufu ya Larry P. dhidi ya Riles, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa niaba ya watoto Weusi wa San Francisco. Watoto hao walikuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye upungufu mdogo wa akili kwa kutegemea vipimo vya akili, yaani IQ. Wakati huo watoto Weusi walikuwa takribani asilimia 10 ya wanafunzi wa California, lakini walikuwa takribani robo ya wanafunzi wa madarasa hayo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo moja katika kesi hiyo lina uzito wa pekee. Wanasaikolojia Weusi waliwapima upya watoto hao. Waliwazoea kwanza, wakayaeleza baadhi ya maswali kwa maneno yaliyokaribiana na mazingira ya watoto, na kukubali majibu yenye mantiki hata pale yalipotofautiana na yaliyotarajiwa. Wote walipata zaidi ya alama 75, kiwango kilichotumiwa kuwatenga. Akili za watoto hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuwauliza.

Hilliard alikuwa miongoni mwa mashahidi wataalamu wa upande wa walalamikaji. Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham aliamua kuwa vipimo hivyo vilikuwa na upendeleo, akapiga marufuku matumizi yake katika kuwaweka watoto Weusi kwenye madarasa hayo.

Hata hivyo, mjadala haukuishia hapo. Mwaka 1980 jaji mwingine huko Chicago alifikia uamuzi ulio kinyume. Marufuku ya California ilipopanuliwa mwaka 1986, baadhi ya wazazi Weusi walilalamika kwamba watoto wao wenye matatizo ya kujifunza walinyimwa kipimo ambacho wengine waliruhusiwa. Upanuzi huo ulibatilishwa katika miaka ya 1990. Hapa pana funzo: kumbandika mtoto jina lisilomfaa ni dhuluma, na kumnyima msaada anaouhitaji ni dhuluma vilevile.

Kutoka Kipimo hadi Mwalimu

Yamkini Hilliard aliitambua hatari hiyo, kwani hakukomea kwenye kukosoa. Alidai kuwa kipimo kinachomhusu mtoto hakina thamani iwapo hakimwongozi mwalimu kufundisha vizuri zaidi. Kwa hivyo aliunga mkono mbinu ya Reuven Feuerstein, ambapo mtoto hupimwa, hufundishwa, kisha hupimwa tena. Katika mbinu hii, kinachotafutwa ni jinsi mtoto anavyojifunza anaposaidiwa.

Katika maandalizi ya walimu, alisisitiza kwamba mwalimu mtarajiwa apelekwe awaone walimu waliofaulu kwa watoto maskini wa mijini. Alitoa mfano wa mradi wa SEED, ulioanza California katika miaka ya 1960, ambapo watoto wa shule za msingi waliongozwa kwa maswali hadi wakamudu hisabati za ngazi za juu. Katika kitabu Young, Gifted, and Black (2003), alichokiandika pamoja na Theresa Perry na Claude Steele, alipinga mazoea ya kuwalinganisha watoto Weusi na Weupe. Kwa maoni yake, pengo la kuzibwa ni lile lililopo kati ya hali ya mtoto ilivyo sasa na kilele cha ubora anachoweza kukifikia.

Hitimisho

Hilliard alifariki jijini Cairo mwezi Agosti 2007 baada ya kuugua malaria. Baadhi ya kazi zake, hasa mtaala wa historia ya Afrika alioshiriki kuuandaa kwa shule za Portland, zingali zinazua ubishi. Lakini swali lake linamhusu kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya. Mtoto wa mtaani Nairobi anapojibu kwa Sheng, je, mwalimu husikia ujinga au husikia jibu lililovaa vazi jingine? Ni wajibu wa mwalimu kumfundisha mtoto huyo Kiswahili sanifu kwa ukamilifu. Si haki, hata hivyo, kumhukumu kwa kutoijua lugha ambayo shule yenyewe haijamfunza. Mkulima huanza na jembe alilo nalo, akalinoa.