Dondoo Muhimu: Suzuki Swift Sport kwa Safari za Kila Siku

Mwenye kumiliki gari hili, toleo lililotoka mwaka 2017 na injini ya lita 1.4 yenye turbo, azingatie haya:

• Asubuhi, kabla oili haijapata moto, asikanyage mafuta kwa nguvu, kwani turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno, nayo hutegemea sana oili hiyo kuilinda. Basi aibadilishe kwa wakati bila ubahili.

• Tairi za 195/45 R17 zina ubavu mfupi, hata shimo moja laweza kupinda rimu. Apime upepo kila wiki, tairi zikiwa baridi.

• Kwenye matuta apunguze mwendo mapema, bampa lisije likakwaruzwa.

• Nguvu za injini ziwe akiba ya kulipita lori kwa usalama, si sababu ya kushindana barabarani.